Barua kwa mwanangu: usizimwagilie nyanya saa sita

Mwanangu,

Umesema nyanya zinanyauka kila mchana, nawe unazimwagilia mara tatu kwa siku. Acha. Hata usipoisoma barua hii mpaka mwisho, shika hilo.

Maji yanafyonzwa na vinyweleo karibu na ncha za mizizi, yanapanda kwenye mirija ya shina, kisha yanatoka kama mvuke kwenye vitundu vya majani, vingi vikiwa upande wa chini. Katika kila lita 100 mmea unazovuta, zaidi ya 95 huondoka hivyo, na huko kutoka ndiko kunakovuta ya chini yapande. Kwa jua na upepo mkavu wa Septemba, majani hupoteza haraka kuliko mizizi inavyoleta, basi yanalegea hata udongo ukiwa umelowa. Jioni upepo na joto vikipungua, vitundu hufunga, mizizi inafidia, jani linasimama lenyewe.

Jani lililolegea alfajiri ndilo la kukushtua. Hata hapo usikimbilie ndoo: chimba sentimita 15 pembeni ya shina, ufinyange udongo kiganjani. Ukishikana donge, ngoja. Ukimeguka na kuwa vumbi, mwagilia asubuhi hiyo hiyo, polepole, maji yashuke.

Udongo wa hiyo Bahi yenu ni wa mfinyanzi, baba. Ukiujaza maji hewa inatoka, mizizi inakosa oksijeni, inaoza, na mzizi uliooza haunywi. Mmea unanyauka ndani ya tope, wewe unaongeza maji! Ng'oa mmoja uutazame: mzizi mzima ni mweupe, uliooza ni kahawia na ganda lake linachomoka ukilivuta. Usijilinganishe na majirani wa mpunga. Mpunga una njia za kupitisha hewa toka majani hadi mizizini, nyanya haina.

Mistari umeinyoosha vizuri, baba yako kaionyesha picha mtaa mzima. Ila kung'oa miche mizizi mitupu ilikuwa papara, vinyweleo vimebaki kitaluni. Siku nyingine lowesha kitalu kwanza, ung'oe na udongo wake, upande jioni. Na tulipokuwa tukikuhimiza shule tu, jembe tulilisahau, najua.

Mbolea ya urea usiweke shinani. Ikizidi pale, chumvi yake huzuia mizizi kunywa na kingo za majani zinaungua. Kizibo kimoja cha soda kwa mche, sentimita 10 toka shina, ufukie. Tandaza nyasi kavu unene wa vidole vinne, zisiguse shina.

Mchana usimwagilie, nimeshasema.

Mbuzi mweusi kazaa mapacha, mmoja hanyonyi vizuri. Bomba la uani bado linavuja, fundi anatuzungusha. Dumu la mafuta ya alizeti linakuja na basi la Jumamosi. Kalipokee stendi mapema, na dumu tupu ulirudishe.

Mama yako,
Mpwapwa