Rufaa ya matibabu ya mfungwa isingoje gari la gereza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa gharama za matibabu magerezani, ambao kila bajeti inapokaribia hurudi na swali lile lile la kwa nini mlipa kodi amtibu mhalifu. Nimekuwa muuguzi katika zahanati ya gereza kwa miaka mingi, na nilichokiona ni kwamba fedha hupotea zaidi pale tunapojisifu kuwa tumezibana.

Alikuwapo mahabusu (hata hukumu bado) aliyekohoa wiki kadhaa, na daktari akamwandikia rufaa. Siku ya kwanza gari lilikuwa limepeleka watu mahakamani. Ya pili askari wa kumsindikiza hawakutosha. Ya tatu nyapara, mfungwa anayesimamia wenzake, alidai kwamba kijana anajifanya mgonjwa ili akapunge hewa, naye akaaminiwa kuliko daktari. Alipofika hospitali, makohozi yake yalikutwa na kifua kikuu, ikabidi tuwapime wote aliolala nao, watu waliobanana kiasi kwamba mmoja hakuweza kujigeuza bila kumwamsha mwenzake. Dozi ya kawaida ya ugonjwa huo ni miezi 6, na mtu akiachiwa katikati yake bila kukabidhiwa kwa kituo cha afya cha anakokwenda, anaweza kurudi na kifua kikuu sugu, ambacho dawa zake ni ghali mno. Hayo yote kwa kuokoa mafuta ya safari moja.

Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa atibiwe bure na kwa kiwango kile kile cha raia aliye nje, na kwamba uamuzi wa kitabibu ufanywe na wataalamu wa afya peke yao. Lakini uamuzi huo hauna nguvu iwapo fungu la dawa na ufunguo wa gari viko mikononi mwa mkuu wa gereza. Ndiyo maana naunga mkono njia ya Ufaransa, iliyohamishia huduma hizi kwenye mfumo wa afya wa umma mwaka 1994.

Wapo wanaopendekeza kampuni binafsi zilipwe kiasi maalumu kwa kila mfungwa. Sipingi moja kwa moja, ila kinachobaki hapo huwa faida ya kampuni, na njia nyepesi kuliko zote ya kubakiza ni kutotibu. Mkataba usiopima siku zinazopita kati ya rufaa na mgonjwa kuonwa, wala dozi ngapi zimekamilishwa, ni afadhali usitiwe saini.

Wakati tukisubiri sheria, daftari la rufaa la kila gereza lipelekwe kwa mganga mkuu wa eneo kila mwezi, likionyesha rufaa ambazo hazikutekelezwa, sababu, na jina la aliyezizuia.

Muuguzi mstaafu