Barua kwa mwanangu anayekwenda Kilimanjaro

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Asalamu aleikum. Barua hii nimeitia katika mfuko wa mbele wa begi lako ili uisome ndani ya basi ukishaondoka stendi ya Kange, kwa kuwa hapa nyumbani kila nilipoanza kukueleza habari za mlima ulinijibu kwamba umeshaelewa kabla sijamaliza. Mpaka ushuke Njia Panda ya Himo ili upate gari la Marangu, utakuwa na saa nyingi za kuisoma kwa utulivu.

Nataka kukuandikia juu ya siku ya kwanza peke yake, kwa sababu hiyo ndiyo watu huipuuza. Kutoka lango la Marangu, lililo karibu meta 1,870 juu ya usawa wa bahari, hadi vibanda vya Mandara, meta 2,720, ni mwendo wa kilometa zipatazo 8, na kijana kama wewe anayekimbia ufukweni Raskazone kila alfajiri atauona kuwa ni matembezi ya kawaida. Hapo ndipo nilipokosea mimi.

Nilikuwa na umri wa miaka 22, mwanafunzi wa ualimu, nikaenda na wenzangu. Tulipoingia msituni nilitangulia mbele, nikampita kiongozi wetu aliyekuwa akituambia twende pole pole, nami nikadhani maneno yale aliyasema kwa ajili ya wageni wazee. Nilifika Mandara wa kwanza, fulana imelowa jasho chepechepe, na chupa ya maji karibu imejaa kama nilivyoitoa langoni. Usiku kichwa kikaanza kugonga na chai niliyokunywa ikarudi yote. Nilificha. Asubuhi nilisema niko sawa, nikajikokota hadi kituo cha pili, Horombo, meta 3,720, na huko sikuweza hata kufunga kamba za viatu vyangu. Kiongozi aliniteremsha huku wenzangu wakiendelea, nami kilele cha Uhuru, meta 5,895, nakijua kwa picha zao tu.

Sababu yake nimekuja kuielewa baadaye. Kadiri unavyopanda, kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, hupungua, hivyo kila pumzi unayovuta huingiza oksijeni kidogo kuliko pumzi ya hapa Tanga, na mwili huhitaji siku kadhaa kuizoea hali hiyo. Uwezo wa miguu na mapafu haumkingi mtu na maradhi ya mwinuko. Mara nyingi vijana wenye nguvu ndio huumia, kwa kuwa nguvu zao huwaruhusu kwenda mbio kuliko mwili unavyoweza kuzoea. Sisi tuliozaliwa kando ya bahari hatuna akiba yoyote ya mazoea hayo. Kwa hiyo tembea kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza bila kuhema, na ukijiona unakata maneno katikati, punguza.

Langoni utasubiri. Kuna kuandikisha majina, na mizigo ya wapagazi hupimwa kwenye mizani, kwani hairuhusiwi kuzidi kilo 20 kwa mtu mmoja. Usikereke, tumia muda huo kula na kunywa maji. Wapagazi hao, ambao wenyewe hujiita wagumu, watakupita njiani mmoja baada ya mwingine. Namkumbuka mmoja aliyekuwa na gunia kichwani bila kulishika, jasho likimdondoka kidevuni tone kwa tone, na bado akanitolea salamu kabla sijamtolea yeye. Ukisikia nyayo nyuma yako, simama pembeni uwapishe, na uwaamkie kwa adabu uliyofunzwa.

Msitu wenyewe utakukumbusha Amani, ile safari yenu ya shule, ila huu ni wa baridi zaidi na ukungu wake ni mzito. Kwenye mteremko huu wa kusini imo mikulo, mti uleule unaoota kwetu Usambara, na kadiri unavyopanda utaona matawi yamefunikwa na mimea laini inayoning'inia kama ndevu. Tazama juu utafute mbega, weusi wenye manyoya meupe mabegani na mkiani. Mimi niliwapita bila kuwaona kwa haraka yangu. Mizizi ya njiani huteleza, na mvua huweza kunyesha mchana hata kama asubuhi palikuwa peupe, basi koti la mvua lisikae chini ya begi.

Ukifika Mandara, badilisha nguo iliyolowa jasho kabla hujaketi. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila meta 1,000 unazopanda, na mwili uliolowa hupoa upesi. Watakuletea maji ya moto ya kunawa, chai na bisi. Kula hata kama hamu haipo. Kabla ya jua kuzama, mwombe kiongozi akupeleke Maundi, shimo la volkano lililo mwendo wa kama robo saa, kwani kupanda juu kidogo kisha kurudi kulala chini huusaidia mwili kuzoea. Na atakapokuuliza jioni unajisikiaje, mwambie kweli, mwanangu, hata kama ni kichwa kuuma kidogo tu na wenzako wote wanasikiliza. Hiyo ndiyo ninayokuomba kuliko yote niliyoandika.

Sweta la kahawia nimelikunja juu kabisa ya begi, kwa sababu ndilo utakalolihitaji kwanza.

Mama yako