Usiusugue Bado

Ndugu yangu Idi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata jana, na nilipofika pale uliposema umeshanunua msasa, nilijikuta nimesimama. Tafadhali uweke mbali huo msasa. Wembe wa kale, huu wa kunyolea unaokunjwa ndani ya mpini, ukishasuguliwa hausemi tena, na wako bado una maneno.

Acha nikuvunje moyo kwanza. Aliyekuuzia kasema ni wa zama za Napoleon. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia kwamba shinani, yaani pale kwenye chuma kati ya makali na mpini, chini ya jina la fundi, pamegongwa neno "England". Napoleon alishindwa Waterloo mwaka 1815. Jina la nchi lilianza kugongwa kwa wingi baada ya Marekani kupitisha sheria ya ushuru ya mwaka 1890, ile inayoitwa kwa jina la McKinley, iliyotaka bidhaa za nje zionyeshe zilikotoka. Mafundi wa Sheffield, mji wa visu wa Uingereza, walikuwa na wateja wengi sana Marekani, basi wakaongeza neno hilo. Kabla ya hapo wengi walitosheka na jina lao na la mji. Kwa hiyo wako yaelekea ni wa miaka ya 1890 au baadaye. Mzee wa kuheshimiwa, ila Napoleon hakuuona.

Usinune. Mimi nao ninao wa aina hiyo, na nyoa yake ni tamu.

Ninaoupenda kuliko zote una taji katikati ya herufi W na R. R ni kifupi cha Kilatini cha mfalme au malkia; huyo ni mfalme William wa Nne, aliyetawala tangu 1830 hadi 1837. Miaka saba tu, Idi! Nani mwingine atakupa tarehe ya karibu hivyo bila karatasi yoyote? Ukikuta GR umebaki njia panda, maana akina George walifuatana wanne, tangu 1714 hadi 1830. VR ni ya Victoria, na yeye alikaa hadi 1901. Hata hivyo siapi kwa taji peke yake. Sidhani kama fundi alitupa mihuri yake siku ile ile mfalme alipozikwa. Ndiyo maana huangalia na umbo. Huu wangu ni mnene kama kabari, mzito mkononi. Nyembe za karne ya 18 zina mkia mfupi, ile ncha ya chuma inayotokeza nyuma ya mpini, au hazina kabisa. Mkia ulirefuka baadaye, ukajipinda ili kidole kipate pa kukaa. Zile zilizokombwa mbavu pande zote mbili hadi zikawa nyembamba kama karatasi ni za mwishoni mwa karne ya 19 na kuendelea, na Solingen ya Ujerumani ndiyo iliyojijengea sifa kwazo. Zinaponyoa zinalia, unasikia sauti yake shavuni.

Umeuliza kuhusu maneno "Silver Steel", yaani feleji ya fedha, kama kweli kuna fedha ndani. Hapa kuna kisa kizuri. Michael Faraday, mwanasayansi wa umeme, alikuwa mtoto wa mhunzi. Yeye na fundi visu aitwaye James Stodart waliyeyusha feleji, chuma kigumu cha kutengenezea visu, pamoja na madini mengine, na matokeo yao wakayachapisha mwaka 1820 na 1822. Waliona kwamba feleji inakubali fedha kidogo mno, sehemu moja kwa mia tano hivi, ukizidisha, inajitenga. Basi wafanyabiashara wakalidaka jina. Wembe ukiandikwa hivyo, soma kuwa ni tangazo la biashara, usiende kwa sonara.

Sasa nikuambie kwa nini nauogopa msasa wako. Wembe wangu wa tatu ulikuwa na maandishi ubavuni, yaliyochorwa kwa tindikali na kupakwa dhahabu hafifu. Kulikuwa na kutu juu yake, mimi nikaona aibu kuuweka hivyo. Nikaanza na msasa mkali, nikamalizia na laini. Kufikia saa nne usiku ulikuwa unang'aa kama kioo, na ubavu wake mtupu kama kijiko. Michoro ya tindikali haina kina hata kidogo. Mpaka leo sijui iliandikwa nini, kwa sababu sikuwa hata nimeinakili.

Kosa la pili lilinigharimu zaidi. Nilizipanga nyembe zote katika sanduku moja lenye kitambaa, nikalifunga vizuri. Mmoja ulikuwa na mpini wa seluloidi, ile plastiki ya kale ambayo mvumbuzi John Hyatt aliisajili Marekani mwaka 1870. Seluloidi ikizeeka huoza na kutoa hewa yenye asidi. Nilipofungua baada ya miezi kadhaa nilipigwa na harufu ya kafuri iliyochacha. Mpini umepasuka vipande vidogo vidogo kama sukari guru, wembe wake umeliwa na kutu, na majirani zake wawili pia. Siku hizi kila mpini wa seluloidi unakaa peke yake, penye hewa.

Kwa hiyo wa kwako uangalie. Kama mpini unafanana na pembe ya ndovu lakini mistari yake imenyooka yote sambamba, yaelekea ni seluloidi. Pembe ya kweli, ukiitazama pale ilipokatwa kimkingamo, ina mistari inayopishana kama wavu. Usije ukajaribu kwa sindano ya moto, hata wakikushauri wakongwe: seluloidi ni ndugu wa baruti. Na ukigundua kuwa ni pembe ya ndovu kweli, ulizia sheria kabla ya kuusafirisha. Mpini hata hivyo usiutegemee sana kwa umri. Ulikuwa ukivunjika, watu wakifunga mwingine.

Makali tutayazungumza ukija. Kwa sasa laza wembe ubavu juu ya kinoo na uchungulie: mgongo na makali vinatakiwa kugusa jiwe kwa pamoja. Kama mgongo umelika bapa upande mmoja kuliko mwingine, mwenye nao wa zamani alikuwa akikandamiza. Mashine ya kunolea usiisogelee. Joto likiugeuza rangi ya buluu, ugumu umekwenda.

Leo fanya hivi tu. Pakaa mafuta mepesi, futa kwa pamba. Kisha weka karatasi nyembamba juu ya shina, upitishe penseli ikiwa imelazwa, polepole, mpaka herufi zitokeze. Fanya pande zote mbili, na nyuma ya mkia pia, watu husahau pale. Nitumie hizo karatasi. Ninayo nakala ya orodha ya mafundi wa Sheffield ya mwaka 1787, yenye chapa zao, na nyingine za karne iliyofuata. Ukiniletea jina la kusomeka, Jumamosi yangu yote nakupa.

Wako,
mwenye kidevu chenye alama tatu

N.B. Huo msasa nipe mimi, nina mlango wa kupiga rangi.