Barua kwa swahiba: kuusoma ubao wa bakara

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Picha uliyonitumia nimeiona, na maswali yako pia: yale maduara ya rangi kwenye ubao wa bakara, ule mchezo wa karata wa kasino, yanasema nini, na je, mtu akijua kuyasoma atajua pa kuweka dau? Swali la kwanza nitakujibu kwa urefu, maana ubao ule umebuniwa kwa akili sana na wengi wanaoukodolea macho hawajui unavyojazwa. Jibu la swali la pili ni hapana. Ila sitaki ulipokee kwa sababu tu nimesema mimi. Fuatana nami hadi chini ya gridi zile, utaiona hiyo hapana kwa macho yako.

Kila mkono, yaani mgao mmoja wa karata, huishia kwa moja kati ya mambo matatu: Benki imeshinda, Mchezaji ameshinda, au sare. Unajua tayari kwamba Mchezaji si wewe, ni jina la upande tu, na una ruhusa ya kuweka popote. Nyekundu ni Benki, buluu ni Mchezaji, kijani ni sare. Ile sehemu yenye maduara yaliyojaa rangi, 6 kwenda chini, huitwa sahani ya shanga, na ni daftari tu. Mkono wa kwanza uko juu kabisa kushoto, wa pili chini yake, na baada ya wa 6 unahamia safu ya pili. Nukta ndogo pembeni mwa duara ni jozi: ikiwa nyekundu, karata 2 za kwanza za Benki zilifanana; ikiwa buluu, ni za Mchezaji. Hapo hapana fumbo.

Utamu uko kwenye Njia Kuu, ile gridi ya maduara matupu. Hapa matokeo hupangwa kwa mfululizo. Benki ikishinda unapata duara jekundu. Ikishinda tena, la pili linakaa chini ya la kwanza, la tatu chini ya la pili. Mchezaji akishinda tu, safu mpya inaanza upande wa kulia kwa buluu. Kwa hiyo kila safu ni mfululizo wa upande mmoja, na urefu wa safu ndio urefu wa mfululizo. Sare haipewi chumba chake, huchorwa kama mstari wa kijani juu ya duara la mwisho. Mfululizo ukipita 6, nafasi ya chini imekwisha, basi maduara yanakata kona na kuendelea kulia. Huo ndio mkia wa joka, na ukianza kuota utaona watu wakiacha meza zao kuja kusongamana kwenye hiyo.

Lakini joka lenyewe si mgeni wa ajabu. Chukulia kila upande una nusu ya bahati, ukiacha sare. Nusu ya safu zitakuwa na duara 1, robo zitakuwa na 2, thumuni 3, na kuendelea hivyo. Safu yenye 6 au zaidi ni 1 kati ya 32. Kisanduku ambamo karata hutolewa, chenye pakiti 8, yaani karata 416, hutoa mikono 70 hadi 80. Tuseme 75. Ukitoa sare utabaki na kama 68, ambayo itajipanga kwenye safu 34 hivi. Maana yake mfululizo wa 6 au zaidi unautarajia kama mara moja kwa kila kisanduku, bila joka wala jini. Ukiona kisanduku kizima kinarukaruka, safu fupi tupu mwanzo mpaka mwisho, hicho ndicho cha kushangaza kidogo.

Sasa tuje kwenye zile gridi 3 ndogo za chini, maana ndizo zilizokuchanganya. Ya kwanza ni Jicho Kubwa, yenye viduara vitupu. Ya pili ni Njia Ndogo, yenye viduara vilivyojaa. Ya tatu ni Mende, yenye vimstari vya mshazari. Majina yametoka kwa Wachina, na Macau ndiko bodi hizi zinakotawala kuliko popote. Kinachowapoteza wengi ni hiki: rangi hapa zimebadili kazi. Nyekundu si Benki tena wala buluu si Mchezaji. Nyekundu inasema Njia Kuu inajirudia. Buluu inasema mpangilio umevunjika. Nimewahi kumsikia mtu akiapa kwamba Benki imetanda ubao mzima, kumbe anasoma Jicho Kubwa.

Jicho Kubwa linaandikwa hivi. Tuseme Njia Kuu imeanza na safu A ya Benki, maduara 3, ikafuata safu B ya Mchezaji, maduara 2, kisha Benki ikafungua safu C. Jicho huanza kazi kwenye duara la pili la safu B. Kanuni yake ni mbili tu. Duara likishuka ndani ya safu, tazama safu ya kushoto yake, chumba kilicho usawa huohuo na kile cha juu yake: vyote vina duara au vyote vitupu, andika nyekundu, kimoja kina na kingine hakina, andika buluu. Safu mpya ikianza, linganisha urefu wa safu 2 zilizotangulia: sawa, nyekundu, tofauti, buluu.

Tuijaze. Duara la pili la B: kushoto, A ina la kwanza na la pili, nyekundu. Safu C inaanza: B ina 2, A ina 3, hazilingani, buluu. Duara la pili la C: B ina la pili na la kwanza, nyekundu. Duara la tatu la C: B haina la tatu ila ina la pili, buluu. La nne: B haina la nne wala la tatu, nyekundu. Na safu iliyokata kona kuwa mkia wa joka inahesabiwa urefu wake wote, kama vile imeendelea kushuka. Njia Ndogo na Mende ni kanuni hizihizi, ila Njia Ndogo inaruka safu moja kabla ya kulinganisha, na Mende anaruka mbili. Ndiyo maana zinachelewa kuanza.

Rudi pale C ilipokuwa na maduara 2, tuulize mkono unaofuata utaandika nini. Benki ikishinda, C inapata la tatu, na tumeshaona hiyo ni buluu. Mchezaji akishinda, safu D inaanza, tunalinganisha C na B, zote zina 2, nyekundu. Upande mmoja buluu, wa pili nyekundu. Sasa jaribu na mfano wowote utakaobuni. Itakuwa hivyo kila mara, kwenye gridi zote 3, kwa sababu ya kanuni yenyewe: kushuka huandika buluu pale tu safu ya kulinganishwa inapokuwa na urefu sawa na hii uliyomo, na kufungua safu mpya huandika nyekundu palepale. Kile kisehemu cha ubao wa kielektroniki kinachokuonyesha Benki ikija rangi zitakuwaje na Mchezaji akija zitakuwaje, kimetengenezwa hivyo. Kila gridi inakupa sababu moja ya kuweka Benki na sababu ileile iliyogeuzwa ya kuweka Mchezaji. Anayesema anafuata nyekundu amechagua upande kwanza, kisha akauita nyekundu.

Najua utasema: lakini karata si gurudumu la roleti, zilizokwisha toka hazirudi, kwa hiyo kisanduku kina kumbukumbu. Kweli kabisa, na hapo ndipo ubao unaponiudhi. Kumbukumbu iko kwenye karata zilizotoka, na ubao hauandiki karata. Benki ikishinda kwa pointi 9 kwa 8 au 1 kwa 0, duara ni lilelile. Hata bodi zinazoandika pointi za mshindi hazikuambii ni ree ngapi au nne ngapi zimebaki. Na ungekuwa nazo zote kichwani bado usingefika mbali. Edward Thorp, mwanahisabati wa Marekani aliyeonyesha kwamba mtu anaweza kuishinda kasino kwenye blekijaki, mchezo mwingine wa karata, kwa kuhesabu karata, aliigeukia bakara miaka ya 1960 na kukuta kwamba kwenye dau la Benki na la Mchezaji kuhesabu hakuleti faida ya maana.

Kasino zenyewe zinalijua hili. Nevada, jimbo la Marekani lenye kasino nyingi, ina sheria tangu 1985 inayokataza kifaa chochote cha kukusaidia kuhesabu karata mezani, lakini kwenye bakara watakupa kadi ya kuandikia na kalamu, bure, na ubao wa taa juu yake. Mtu hagawi bure silaha ya kumpiga mwenyewe. Mwaka 2012 Phil Ivey, mcheza poka maarufu wa Marekani, alishinda pauni milioni 7.7 kwenye kasino moja ya London, kwenye bakara hiihii, na alichokuwa akikitazama ni migongo ya karata, ambako michoro haikukatwa sawa pande zote, baada ya mgawaji kuombwa azigeuze baadhi. Kasino ikakataa kumlipa, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikakubaliana nayo. Maduara hayakuhusika.

Kwa hiyo ubao nautumia kwa nini? Kujua tumefika wapi. Sahani ya shanga ikiwa na mikono 60 na zaidi, kisanduku kinakaribia kwisha, na hapo ni mahali pazuri pa kuinuka bila kuanza kubishana na nafsi. Pia kwa ubishi wa malipo: mgawaji ni binadamu, na mkono uliopita umeandikwa pale. Sanasana unanisaidia kuhesabu gharama. Weka 100 kwa kila mkono kwa mikono 70, umezungusha 7,000. Faida ya kasino kwenye Benki ni asilimia 1.06 baada ya ile kamisheni ya asilimia 5 inayokatwa kwenye ushindi wa Benki, kwa hiyo kwa wastani umelipa kama 74. Kwenye Mchezaji ni 1.24, kama 87. Kwenye sare inayolipa 8 kwa 1 ni 14.36, umetoboka 1,005. Benki hushinda mara nyingi zaidi, asilimia 45.86 ya mikono dhidi ya 44.62, kwa kuwa huamua mwisho, ikiwa imeshaona karata ya tatu ya Mchezaji. Tofauti hiyo haibadiliki kwa kuwa safu imekuwa ndefu. Na zile nukta za jozi zisikuite: dau hilo likilipa 11 kwa 1 linakula zaidi ya asilimia 10.

Halafu umeniuliza kuhusu ile programu ya simu inayouza utabiri kwa kupiga picha ubao. Usinunue. Itajaza gridi haraka kuliko wewe, basi, na kazi hiyo ubao wenyewe umeshaifanya. Ukitaka kuipima kabla hujaamini, chukua matokeo ya kisanduku kilichokwisha, ingiza mkono mmoja mmoja, uandike kila ilichotabiri kabla ya kuingiza unaofuata. Fanya hivyo kwa visanduku vingi, si kimoja, kisha nitumie karatasi tuhesabu pamoja.

Wasalimie nyumbani wote, na uniandikie.

Wako,
M.