Ruzuku ya mbolea ifike mpaka kwenye samadi

Ndugu Mhariri, naomba nafasi niongelee hii ishu ya kutunza kaboni kwenye udongo wa mashamba, yaani ile inayotokana na mabaki ya mimea na samadi, maana kwenye tabianchi tunasikia misitu tu wakati udongo wa dunia umebeba kaboni nyingi kuliko hewa na mimea ikijumlishwa, na Ufaransa walishalisema hilo Paris mwaka 2015 kwa mpango wao wa nne kwa elfu, yaani kuongeza kaboni ya udongo kwa sehemu nne kwa kila elfu kila mwaka.

Huku Moshi kihamba, lile shamba letu la nyumbani mlimani, ni ushahidi tosha, migomba, kahawa, miti ya kivuli na samadi, udongo mweusi wenye kaboni mpaka leo. Shida iko kule chini kwenye mashamba ya tambarare, watu wakishavuna mahindi mabua yanapakiwa kwenye pikapu yanapanda mlimani kulisha ng'ombe, yanayobaki yanachomwa, na samadi hairudi chini kwa sababu usafiri ni ghali, shamba linabaki tupu halafu trekta linaligeuza kila msimu, kaboni inapotea. Inaumiza kwa kweli.

Serikali yetu, kama mbolea ya dukani ina ruzuku basi na samadi ipate, hata nauli tu ya kuishusha ingesaidia sana. Na zile kanuni za biashara ya kaboni za 2022, za watu kulipwa kwa kutunza kaboni, jamani zimfikie na mkulima wa ekari mbili, alipwe kupitia AMCOS yake, yaani chama chake cha ushirika, kwa kazi inayoonekana kwa macho, mabua yaliyoachwa shambani, makinga maji, miti, maana kupima udongo wa kila shamba maabara kutakula hela yote.

Mkulima, Moshi