Barua ya wazi kwa vijana wanaoanza kusoma Wagiriki wa kale

Wajukuu zangu wapendwa,

Nawasalimu. Ubishi uliozuka katika kikundi chenu cha kusoma umenifikia huku nilipo. Baadhi yenu mnasema Wagiriki wa kale ndio chimbuko la ustaarabu wote wa dunia. Wengine mnasema hao ni mali ya wakoloni, tusipoteze muda nao. Nimefundisha fasihi mpaka nikastaafu, na ombi langu kwa pande zote mbili ni moja: fungueni vitabu kwanza. Aliyewasoma Wagiriki wenyewe hatawaabudu, wala hatawatupa.

Msiwafikirie kama taifa moja. Walikuwa miji mamia kwa mamia, kila mmoja na sheria zake na majivuno yake, imetapakaa kutoka Bahari Nyeusi hadi Libya na kusini mwa Ufaransa ya leo. Kilichowaunganisha ni lugha, miungu, michezo ya Olympia na mashairi ya Homer. Walipigana wao kwa wao mara kwa mara. Athens, mji unaosifiwa sana kwa demokrasia iliyoanza na mageuzi ya Cleisthenes mwaka 508 KK, haikumpa kura mwanamke, wala mtumwa, wala mgeni hata kama amezaliwa hapo hapo. Fedha ya machimbo ya Laurion, iliyolipia merikebu zake za vita, ilichimbwa na watumwa. Yasemeni haya waziwazi mnapofundishana. Anayeyaficha anawadhulumu waliofia mle machimboni.

Kwa nini basi niwasihi muwasome? Kwa jambo moja ambalo ni nadra kwa watu wa vita: washairi wao walitunga kilio cha adui, na mji mzima ukakaa kukisikiliza.

Anzeni na Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Wagiriki dhidi ya mji wa Troy. Wengi huuchukua utenzi huu wakimtafuta yule farasi wa mbao aliyewaficha askari wa Kigiriki, na farasi hayumo. Hata kuanguka kwa Troy hakumo. Mistari yake zaidi ya 15,000, iliyopata umbo lake yapata karne ya 8 KK, inasimulia majuma machache tu ya mwaka wa kumi wa vita, kuanzia Achilles, shujaa wa Wagiriki, anapokasirika. Hector wa Troy anamuua Patroclus, rafiki wa Achilles. Achilles naye anamuua Hector, anaifunga maiti nyuma ya gari lake la farasi na kuiburuta mavumbini siku baada ya siku, isizikwe. Ninyi mnajua kwetu maiti isiyozikwa ni nini. Ukoo haupati usingizi.

Kisha njooni kwenye kitabu cha 24, tena polepole. Priam, mfalme mzee wa Troy, anatoka usiku na mkokoteni wa fidia ya kuikomboa maiti ya Hector, mwanawe, anavuka hadi kambi ya adui, anaingia kibandani mwa Achilles, anapiga magoti na kuibusu mikono iliyowaua wanawe. Anamwambia amkumbuke baba yake mwenyewe, mzee kama yeye, anayemngoja mwana arudi. Achilles analia. Priam anamlilia Hector, Achilles anamlilia baba yake na tena Patroclus, ndani ya kibanda kimoja. Baadaye wanakula pamoja. Achilles anauliza: mnahitaji siku ngapi za kumwomboleza? Naye anaahidi kuzuia vita kwa muda huo wote. Utenzi wa Wagiriki kuhusu vita vya Wagiriki unaishia kwenye mazishi ya mtu wa Troy. Nilipokuwa kijana nilimtazama Achilles tu katika ukurasa huo. Siku hizi macho yangu hayamwachi Priam.

Usomeni kwa sauti. Ulitungwa uimbwe mbele ya watu, na masikio yaliyolelewa na tenzi yatatambua upesi kwa nini maneno fulani yanarudi tena na tena: Achilles mwepesi wa miguu, alfajiri yenye vidole vya waridi. Mtunzi anayeimba kwa kumbukumbu huyahitaji ili kutimiza mizani na kuvuta pumzi. Wekeni kando yake Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate, ambao mswada wake wa mwaka 1728 ni miongoni mwa miswada ya kale kabisa ya Kiswahili iliyobaki. Herekali anayepigwa vita humo ni Heraclius, mfalme aliyetawala Constantinople, mji uliosema Kigiriki. Na karne nyingi kabla ya hapo, katika karne ya 1 BK, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki aliieleza pwani yetu: soko la Rhapta, pembe za ndovu, mashua zilizoshonwa kwa kamba kama mitepe ya Lamu, na manahodha Waarabu waliooa huku na kuijua lugha ya wenyeji. Wanaosema tuliletewa Wagiriki na Mwingereza wayatafakari hayo.

Baada ya Homer, nendeni kwa Aeschylus, mtunzi wa tanzia wa Athens. Alipigana na Waajemi huko Marathon mwaka 490 KK, na ndugu yake akauawa hapo. Miaka kumi baadaye Xerxes, mfalme wa Uajemi, aliichoma Athens pamoja na mahekalu yake, kabla ya merikebu zake kuvunjwavunjwa karibu na kisiwa cha Salamis. Mwaka 472 KK Aeschylus alipeleka tanzia yake, Waajemi, kwenye tamasha la mungu Dionysus. Fikirini ni nani walioketi pale: wanaume waliopiga makasia Salamis, watu waliorudi wakakuta nyumba zao majivu. Walikuwa na haki ya kuimbiwa sifa zao. Aeschylus akawapeleka Susa huko Uajemi, kwenye jumba la mfalme, ambako mama wa Xerxes anangoja habari za mwanawe. Mjumbe anafika na kuwataja makamanda waliokufa kwa majina yao ya Kiajemi. Xerxes anarudi na nguo zilizochanika, na wazee wa korasi, lile kundi la waimbaji jukwaani, wanaomboleza naye hadi mstari wa mwisho. Fahari ya Athens imo, siwafichi, lakini kilio hakikutiwa dhihaka. Aliyegharimia onyesho alikuwa Pericles, aliyekuja kuwa kiongozi mkuu wa Athens, wakati huo bado kijana, na Aeschylus alipewa tuzo ya kwanza. Ndiyo tanzia kongwe kuliko zote zilizotufikia nzima.

Herodotus, mwanahistoria, naye katika sentensi ya kwanza ya historia yake ya vita hivyo na Waajemi, anasema anaandika ili matendo makuu ya Wagiriki na ya wasio Wagiriki yasisahaulike. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyeishi karne nyingi baadaye, alimlaumu kwa kuwapenda mno wageni. Mimi namheshimu kwa hilo hilo.

Sasa sehemu chungu, na hapa nataka msome bila haraka, hasa ninyi mnaowaita Wagiriki walimu wa dunia. Mwaka 416 KK Athens, demokrasia ile ile, ilikizingira kisiwa kidogo cha Melos kilichokataa kujiunga na himaya yake. Thucydides, mwanahistoria aliyekuwa jenerali wa Athens kabla ya kufukuzwa, ameandika mazungumzo ya pande mbili. Wajumbe wa Athens wanasema waziwazi kwamba mwenye nguvu hufanya awezalo na mnyonge hukubali yanayompata. Melos ilipojisalimisha, wanaume waliokamatwa waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani.

Majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata, 415 KK, Euripides, mtunzi mwingine wa tanzia wa Athens, alionyesha tanzia yake, Wanawake wa Troy. Mji umeshaanguka na wanaume wamekufa. Hecuba, mjane wa Priam, na wanawake wenzake wanangoja kujua kila mmoja amegawiwa kwa bwana gani. Mtoto mdogo wa Hector ananyang'anywa mikononi mwa mama yake na kutupwa kutoka ukutani, kisha analetwa kwa bibi yake amelazwa juu ya ngao ya baba yake. Wataalamu wanabishana kama Euripides alikuwa na Melos moyoni alipoandika. Aliyekuwa ameketi kutazama kwenye mteremko wa Acropolis, kilima cha Athens, na jamaa zake wamerudi kutoka vitani Melos muda si mrefu nyuma, sidhani alihitaji kuambiwa. Siku hiyo Euripides alipata nafasi ya pili.

Mjadiliane kuhusu hilo kwa muda mrefu. Mji ule ule ulioua Melos ndio uliomruhusu mshairi wake asimame mbele ya umma na kuulilia upande wa walioangamizwa. Mmoja wenu atasema kilio hakikumfufua mtu wa Melos hata mmoja, na atakuwa amesema kweli. Mwachieni nafasi ya kulisema. Mimi nasema tu kwamba miji mingi imeua bila hata kumruhusu mshairi alie.

Mwaka huo huo Athens ilituma jeshi kubwa kukivamia kisiwa cha Sicily, na mwaka 413 KK jeshi lote likaangamia. Thucydides anasema mateka wasiopungua 7,000 walitupwa katika machimbo ya mawe ya Syracuse, mji wa Sicily, kwenye jua la mchana na baridi ya usiku, kila mmoja akipewa takriban robo lita ya maji kwa siku. Wengi walifia humo, juu ya maiti za wenzao. Lakini Plutarch anasimulia kwamba watu wa Sicily waliyapenda mno mashairi ya Euripides, na kwamba baadhi ya Waathens waliachiwa huru kwa kuwafundisha mabwana wao mistari waliyoikumbuka, na wengine, wakitangatanga baada ya vita, walipewa chakula na maji kwa kuimba nyimbo zake. Waliofanikiwa kurudi kwao walikwenda kumsalimu mzee Euripides na kumshukuru.

Mkimaliza hapo niandikieni. Antigone, tanzia ya Sophocles, nataka tuisome pamoja, maana nayo ni habari ya maiti iliyokatazwa kuzikwa, na sitaki mmalizane juu ya mfalme Creon kabla sijawasikia.

Wenu kwa upendo,
Babu yenu