Shangazi, Jumamosi nakuja kumchukua kaka

Shikamoo shangazi,

Ulipoiona ile picha yangu nimeketi kwenye kitimwendo, mpira mapajani, ulinipigia simu usiku uleule ukaniambia nisijiitie mkosi. Ulikuwa unalia, nikashindwa kukujibu. Leo najibu, tena hadharani, maana nyumba nyingi huku kwetu zina mtu anayeshinda ndani kama kaka.

Kila Jumamosi asubuhi tunacheza mpira wa kikapu pale Majengo. Wenzangu wengi wana ulemavu wa miguu au waliumia uti wa mgongo. Kwenye mashindano ya kimataifa mtu mwenye miguu mizima kama mimi haruhusiwi, ila mazoezini wakipungua najaza nafasi. Ringi iko palepale, mita 3.05 kutoka chini, haikushushwa kwa kumwonea mtu huruma. Ukiwa na mpira unasukuma magurudumu mara mbili tu, kisha udundishe, utoe pasi au ufunge. Siku ya kwanza viganja vyangu vilitoka malengelenge hata nusu saa haijaisha.

Siku hiyohiyo nilipinduka. Nilijinyoosha kudaka mpira, kiti kikalala nami ubavu, mkanda umenibana kiunoni. Nikafungua mkanda, nikasimama, nikakiinua kiti, nikaketi. Uwanja ukanyamaza. Kapteni wetu, fundi cherehani wa Mbuyuni, akanisogelea taratibu.

"Hapana," akasema. "Rudi chini. Sisi njia hiyo hatuna."

Kisha akajipindua mwenyewe, makusudi, akalala kwenye saruji karibu yangu ili nione: kiganja kimoja kinasukuma chini, kingine kimeshika gurudumu, kifua kinarushwa kwa nguvu. Akainuka. Akajipindua tena, nione vizuri. Nilijaribu mara sita, kiwiko kikachubuka. Ya saba nikainuka. Hakuna aliyepiga makofi, walinirushia mpira tukaendelea.

Huyo kapteni anakaa Pasua. Asubuhi ile konda alimwambia gari limejaa, na siti zilikuwa wazi. Akajisukuma mwenyewe, na wewe unajua barabara ya kutoka Pasua inavyopanda. Nilimkuta ameshafika, anajaza upepo tairi za wenzake. Shangazi, mimi niliacha chuo kwa kufeli somo moja. Nilipomwona pale na ile pampu nilikumbuka jambo hilo, nikaona aibu. Mwezi uliofuata nilirudi kujiandikisha.

Unasema kaka ameumia sana, hawezi kucheza. Nisikilize hapa. Kila mchezaji hupewa pointi kulingana na uwezo wa mwili wake, kuanzia 1.0 kwa aliyeumia zaidi hadi 4.5, na watano walio uwanjani hawaruhusiwi kuzidi jumla ya 14. Timu ya wenye nguvu watupu haiwezi kuingia uwanjani. Sisi mwenye pointi moja tunamtafuta, tunaye mmoja tu. Kifua chake hakina nguvu, akianguka wenzake humwinua, naye anarudi mchezoni kuwazibia njia wapinzani kwa kiti chake.

Miaka miwili umemwogesha, umemlisha, umemfungia mlango wageni wasimwangalie vibaya. Najua ni mapenzi. Lakini juzi aliniuliza kwa simu matokeo yetu, akataka na majina ya waliofunga.

Jumamosi saa moja na nusu nitakuwa getini kwako Kibosho na gari la kuazima. Mpe chai mapema. Na zile glavu zake za bodaboda, kama hukuzitupa, mwekee mfukoni.